Maji kwanza, pevingi baadaye: mwongozo kamili wa kukarabati kibaraza na uwanja wa nyumba

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara yoyote kubwa, iwe ya Bagamoyo au ya Kibaha, utaona jinsi viwanja vya kufyatulia tofali vilivyobadilika. Zamani zilipangwa tofali za nchi 5 na nchi 6 tu. Leo mbele yake zimeanikwa pevingi (vitofali vya zege vya kusakafia uwanja) za kijivu, nyekundu na nyeusi, mawe ya ukingo, vyungu vya zege na nguzo za urembo. Mwenye kiwanja hafyatui kwa kujifurahisha. Anafyatua kinachonunuliwa, na kinachonunuliwa sasa ni kazi ya nje ya nyumba.

Sababu zake hazijifichi. Watu wengi hujenga kidogo kidogo: msingi, boma, paa, kuhamia, uzio. Uzio ukishasimama, ule uwanja wa vumbi uliokuwa njia ya kila mtu unageuka kuwa chumba kisicho na paa, na mwenye nyumba anaanza kuuonea aibu. Shughuli nazo zimerudi nyumbani, maana kukodi ukumbi kwa ajili ya hitma au kitchen party kunamaliza hela ambayo ingesakafia uwanja mzima. Ndugu aliye Muscat au Toronto naye anatuma pesa na anataka picha kwenye WhatsApp kabla ya mwezi kuisha. Mafundi wameliona hilo, kwa hiyo Instagram imejaa video za pevingi zinazong'aa kwa maji.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia, kwa kuwa soko hili linauza sura, ilhali uhai wa kazi ya nje uko chini ya kile unachokikanyaga. Pevingi zikititia, vigae vikibanduka au ukuta wa sebule ukianza kuvuta unyevu, aghalabu rangi na umbo havina kosa. Maji hayakupewa njia, au ardhi haikushindiliwa. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata imani hiyo: hela ya kwanza iende kwenye maji, ya pili kwenye ardhi, na inayobaki ndiyo uchague nayo rangi.

Hatua ya kwanza: itazame mvua kabla ya kumwita fundi

Kama una subira, subiri mvua moja kubwa ya masika au vuli. Vaa viatu vya mpira, toka nje ikiwa bado inanyesha, utazame mambo manne: maji ya paa yanaangukia wapi, maji ya uwanja yanaelekea wapi, yanatuama wapi, na kwa jirani yanaingia au yanatoka. Saa moja baada ya mvua kukatika, rudi tena. Panapobaki dimbwi pachomeke kijiti. Vijiti hivyo ndivyo ramani yako ya kwanza, na hakuna fundi atakayekuchorea iliyo bora zaidi.

Watu hawakadirii vizuri wingi wa maji ya paa. Paa linalofunika mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 5,000. Hilo ni tangi kubwa zima, nalo linaangukia ukanda mwembamba kando ya ukuta, mahali pale pale unapotaka kuweka viti. Kwa hiyo gata, yaani mifereji ya ukingo wa paa, si urembo wa baadaye. Zifunge kabla ya kusakafia, uyapeleke maji kwenye tangi au kwenye shimo la kunyonya lililojazwa mawe, mbali na msingi wa nyumba na mbali na karo la choo. Ukimwelekezea jirani maji yako, umenunua ugomvi utakaofikishwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kama mvua iko mbali, tumia mpira mwangavu wa maji. Mafundi wazee wanauamini kuliko vifaa vya betri, na wana haki: ujaze maji, utoe mapovu yote, ushike ncha moja ukutani na nyingine mwisho wa uwanja. Maji husimama usawa mmoja pande zote mbili, na tofauti ya ardhi utaisoma kwa futi kamba.

Hatua ya pili: amua mtakaa wapi na saa ngapi

Swali la matumizi litangulie swali la ukubwa. Uwanja wa kuanikia nguo, kuegesha gari, kuchezea watoto na kukaa jioni ni kazi nne tofauti, na si lazima zote zipate sakafu moja. Gari lina uzito wake na linataka unene wake. Kamba za nguo zinataka jua. Wakaaji wa jioni wanataka kivuli na upepo.

Kwa ukanda wetu wa pwani, jua la kuogopa si la adhuhuri. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua la saa sita hupita upande wa kaskazini na Desemba huegemea kusini kidogo, lakini nyakati zote mbili liko juu na paa la kawaida linatosha kulizuia. Jua linalowafukuza watu kibarazani ni la kuanzia saa tisa alasiri, linaloingia kwa ubavu kutoka magharibi. Kibaraza kinachotazama magharibi bila mti wala pazia la mianzi kitakuwa stoo ya viti. Ukiweza kuchagua, kaa mashariki mwa nyumba, ili jioni nyumba yenyewe iwe kivuli chako.

Fikiria pia upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katikati ya mwaka. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi. Jiko la mkaa au la kuchomea nyama liwe mahali ambapo moshi wake hauingii dirishani katika misimu yote miwili. Mara nyingi hapo ni pembe ya uwanja upande wa magharibi.

Kwa vipimo: meza ya watu sita pamoja na nafasi ya kusogeza viti inataka si chini ya mita 3 kwa 3. Njia ya kupita mtu iwe sentimita 90, na kama nyumbani kuna mzee au mgonjwa wa kiti cha magurudumu, ifanye mita 1.2. Kama unajenga baraza la kukalia, la zege au tofali lililoegemea ukuta kwa mtindo wa kwetu, kimo cha sentimita 45 na upana wa 45 hadi 60 vinamfaa mtu mzima. Baraza la namna hiyo halipinduki, haliibiwi, na wageni kumi wanakaa bila kuazima viti. Nalipendelea kuliko seti yoyote ya plastiki.

Wenye nyumba Mji Mkongwe wa Zanzibar au mji wa kale wa Lamu wasianze kubomoa wala kubadilisha baraza bila kuuliza. Miji hiyo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na hata kazi ndogo ya nje inahitaji ridhaa ya mamlaka za hifadhi. Kwingineko, kibaraza chenye paa na nguzo ni jengo. Pita halmashauri uulize kuhusu kibali na umbali unaotakiwa kutoka mpakani.

Tahadhari kuhusu picha za Marekani

Picha nyingi zinazowavutia watu mtandaoni ni za majukwaa ya mbao ya nyumba za Marekani na Kanada. Biashara hiyo ilipanda sana kule wakati wa Korona, watu walipofungiwa majumbani na fedha ya safari ikageuzwa kuwa ya ukarabati. Mei 2021 bei ya mbao za ujenzi huko ilivuka dola 1,600 kwa kila futi-bodi 1,000 (kipimo cha ujazo wa mbao cha huko), kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Lakini jukwaa la mbao lina maana kwao kwa sababu zao: nyumba nyingi ni za mbao, sakafu ya chini imeinuliwa kutoka ardhini, na ardhi huganda wakati wa baridi, hivyo ni rahisi kusimamisha nguzo chache zenye msingi wa kina kuliko kusakafia ardhi yote. Nyumba ya kwetu imekaa juu ya jamvi la zege, karibu na ardhi, na adui wetu ni mchwa, jua na chumvi ya bahari.

Sisemi mbao haifai. Kwenye mteremko, kama Lushoto au vilima vya Arusha, jukwaa la mbao linaweza kuwa rahisi kuliko kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Ukilitaka, nunua mbao ngumu kama mvule au msaji, ambazo mchwa huzipata kwa shida. Paini isiyotiwa dawa usiitumie nje hata ukipewa bure. Acha nafasi ya milimita 5 hivi kati ya mbao na mbao, tumia skrubu zisizoshika kutu, na uache hewa ipite chini. Zile mbao za mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao haziozi kirahisi, lakini za rangi nyeusi huchoma unyayo adhuhuri. Simama juu ya kipande chake bila viatu saa saba mchana kabla ya kulipa.

Hatua ya tatu: chagua sakafu

Kwa wengi wetu shindano ni kati ya pevingi, ambazo Wakenya huziita kabro, zege na vigae.

Pevingi ndizo ninazozipendekeza kwa uwanja. Zinafumuka na kurudishwa: bomba likipasuka chini, fundi anang'oa mita mbili za mraba, anatengeneza, anazirudisha zile zile. Zege likipasuliwa linabaki na kiraka milele. Kwa miguu ya watu unene wa milimita 60 unatosha. Kwa gari chukua milimita 80. Muuzaji akikwambia za 60 zinabeba gari dogo, huenda anasema kweli kwa mwaka wa kwanza, kisha siku lori la kunyonya karo linapoingia utaona michirizi ya magurudumu.

Zege la kawaida lililopigwa niru (saruji ya kulainishia uso) ni rahisi kufagia na linafaa kibaraza kidogo chenye paa. Likiwa wazi kwa jua, kata maungio kila mita 3 hivi, la sivyo litajikatia lenyewe mahali lipendapo. Na niru laini sana nje ni hatari mvua ikinyesha. Fundi apitishe ufagio juu yake kabla halijakauka, lipate mikwaruzo ya kushika mguu.

Vigae nitavipitia haraka: vya ndani visitoke nje. Nunua vilivyoandikwa kuwa ni vya nje, vyenye uso wa kukwaruza, na uviweke juu ya zege lenye mwinamo tu. Kigae kinachong'aa kwenye ngazi ya mlango wa mbele kimewavunja watu nyonga.

Hatua ya nne: piga hesabu mwenyewe

Huhitaji kuwa mhandisi. Tuchukue uwanja wa mita 6 kwa 5, upande wa mita 6 ukiwa umegusa nyumba. Hizo ni skwea mita 30.

Pevingi ya mstatili ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa skwea mita moja. Mara 30 ni 1,500. Ongeza asilimia 5 hadi 10 kwa zitakazovunjika na kukatwa, uagize 1,600. Maumbo mengine yana idadi yake, muulize mfyatuaji, kisha pima skwea mita moja pale pale uwanjani kwake uhesabu.

Tabaka la chini la moramu (udongo wa changarawe unaoshindilika) au kokoto mchanganyiko, sentimita 15 likishashindiliwa: 30 mara 0.15 ni mita za ujazo 4.5. Likiwa halijashindiliwa huwa limevimba, kwa hiyo nunua mita za ujazo 6 hivi. Mchanga wa kulalia, sentimita 5 kabla ya kushindiliwa: mita za ujazo 1.5. Mawe ya ukingo: pande tatu zisizogusa nyumba, yaani 5 na 5 na 6, jumla mita 16.

Kina cha kuchimba kinatokana na hayo: 15 za moramu, kama 4 za mchanga ukishakaa, 6 za pevingi. Jumla sentimita 25 kutoka usawa unaoutaka. Udongo utakaotoka ni mita za ujazo 7.5 ukiwa ardhini, lakini ukichimbuliwa unavimba na kufika 9 au 10. Ujue mapema unakwenda wapi, maana kifusi kilichotupwa mtaroni mvua ya kwanza kitakurudishia mafuriko wewe na mtaa wako.

Kama umechagua zege la sentimita 10 kwa eneo hilo hilo, ni mita za ujazo 3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 utahitaji mifuko 20 hivi ya saruji ya kilo 50.

Hesabu hii ina faida nyingine kubwa: fundi akikuletea orodha yenye mifuko 40, utajua cha kumwuliza.

Hatua ya tano: nunua kwa macho na masikio

Pevingi nzuri ina sauti. Chukua mbili uzigonganishe. Iliyokomaa hulia kwa mlio mkali, iliyo mbichi au yenye saruji kidogo hutoa mlio wa kufa. Kwaruza uso kwa msumari: ikitoka unga, iache. Vunja moja utazame ndani kama kokoto zimeshikana na kama rangi imeingia au imepakwa juu tu. Uliza zilifyatuliwa lini na zilimwagiliwa siku ngapi. Zege huhesabiwa kuwa limekomaa siku ya 28. Likiwa la wiki moja lina kama theluthi mbili tu za nguvu zake. Mfyatuaji mwenye wateja wengi hupata kishawishi cha kuuza zikiwa za siku tano, na mteja mwenye haraka ndiye anayemsaidia kutenda kosa hilo. Lipia mapema, ziache kwake zimwagiliwe, uzichukue zikiwa tayari. Chukua zote kutoka mkupuo mmoja, kwa kuwa rangi ya wiki ijayo haitafanana.

Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo, usiokuwa na udongo. Ukiufikicha kiganjani usiache tope. Mchanga wa ufukweni usiutumie: chumvi yake inakula nondo na kutoa mabaka meupe, na kuuchota bila kibali ni kosa.

Hatua ya sita: patana na fundi

Usichague fundi kwa picha za kazi aliyoimaliza jana, kwani kazi ya jana hupendeza hata iliyolipuliwa. Mwambie akupeleke kwenye kazi iliyopitiwa na masika mawili. Tembea juu yake, tafuta mabonde, tazama kama kingo zimefunguka, muulize mwenye nyumba kama maji yanatuama. Fundi asiye na hata kazi moja ya umri huo anaweza kuwa mzuri, ila mpe eneo dogo kwanza.

Andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja wa daftari wenye saini za watu watatu. Yaandikwe haya: unene wa moramu baada ya kushindiliwa, unene wa pevingi, mwinamo na upande unakoelekea, kingo zimewekwa kwa zege, nani anakodi mashine ya kushindilia, nani anaondoa kifusi, na idadi ya siku. Neno «kazi nzuri» lisiwemo, halipimiki.

Vifaa nunua mwenyewe kama una nafasi, au mtume mtu unayemwamini arudi na risiti. Kwa ufundi, lipa kwa awamu zinazoonekana kwa macho: kiasi kidogo cha kuanzia, kingine uchimbaji na moramu vikishakaguliwa, kingine pevingi zikishalala. Bakiza sehemu ya kumi. Hiyo ya mwisho fundi aipate baada ya mvua kubwa ya kwanza, na mkubaliane hivyo tangu mwanzo, si mwishoni. Kama ni kiangazi, fungulieni maji ya tangi juu ya uwanja mtazame pamoja.

Kwa ndugu aliye ughaibuni: usidai picha ya kazi iliyokamilika tu. Dai picha ya shimo lenye futi kamba ndani yake, ya moramu iliyoshindiliwa, na ya mabomba kabla hayajafunikwa. Vikishafukiwa, utakuwa unaambiwa tu.

Hatua ya saba: kazi yenyewe

Pigeni vigingi na kamba. Usawa wa juu wa pevingi ukutani uwe sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Hapa ndipo watu wanapodanganyika na uzuri wa sakafu mbili zilizolingana bila ngazi. Unyevu unapanda ukutani na mvua ya upepo inaingia mlangoni. Kutoka ukutani, teremsha sentimita 2 kwa kila mita. Kwa mfano wetu wa mita 5, kamba ya mwisho inakuwa chini kwa sentimita 10. Jicho haliuoni mteremko huo, lakini maji yanauona.

Chimbeni kwa kina mlichohesabu, mkifuata mteremko ule ule hata chini. Ng'oeni mizizi na udongo mweusi wa juu wote. Mkikuta mfinyanzi unaovimba, ongezeni kina na mjaze moramu zaidi. Kisha shindilieni ardhi yenyewe kabla ya kuweka chochote.

Wakati shimo liko wazi, lazeni mabomba matupu ya plastiki kuvuka uwanja, mawili au matatu, kina cha kutosha, ncha zikiwa zimezibwa. Kesho utataka taa ya bustanini, bomba la maji au waya wa kamera, na hutalazimika kufumua. Inueni mifuniko ya chemba ifikie usawa mpya. Chemba iliyofukiwa chini ya pevingi ni fumbo ambalo mtalifumbua siku choo kimeziba na wageni wapo.

Moramu iwekwe kwa tabaka mbili, kila moja ishindiliwe peke yake ikiwa na unyevu kidogo: ukiikamata kiganjani ishikane bila kuchuruzika. Kodini mashine. Kishindilio cha mkono kinafaa kwenye pembe, lakini kwa skwea mita 30 vijana watachoka kabla ardhi haijachoka. Kagua kwa kisigino: ukikanyaga kwa nguvu na kikaacha alama, bado.

Kingo zitangulie pevingi. Simamisheni mawe ya ukingo ndani ya zege, na nyuma yake yaegemezwe zege lenye mteremko. Uwanja wa pevingi hushikana kwa kubanana. Ukingo ukilegea, mstari wa kwanza unasogea, wa pili unaufuata, na mchanga unatoroka chini.

Mchanga wa kulalia unasawazishwa kwa mabomba mawili ya chuma yaliyolazwa kama reli na rula ndefu inayovutwa juu yake. Ukishasawazishwa haukanyagwi. Fundi anapanga akiwa amesimama juu ya pevingi alizokwisha kuweka. Mchanga huu haufichi makosa ya moramu. Mahali palipojazwa mchanga sentimita 10 kuziba bonde ndipo patakapotitia.

Anzeni kwenye pembe yenye kamba iliyonyooka, mbali na ukuta uliopinda. Penye gari pangeni kwa mtindo wa mifupa ya samaki, kwa kuwa unagawa msukumo wa magurudumu. Acheni mwanya mdogo wa milimita 2 hadi 5. Pembeni kateni kwa grenda, msizibe mapengo kwa chokaa cha saruji, na kipande kilicho kidogo kuliko theluthi ya pevingi kisitumike. Badilisheni mpangilio viwe viwili vyenye ukubwa wa maana. Mkataji avae miwani na afunike pua, vumbi la zege linaharibu mapafu.

Mwisho, mwageni mchanga mkavu laini, fagieni uingie kwenye mianya, pitisheni mashine, mwageni tena, pitisheni tena. Hatua hii hufanywa mara moja na watu wenye haraka. Irudieni mpaka mianya ikatae mchanga.

Hatua ya nane: kivuli

Makuti ni mazuri na yana ubaridi usio na mpinzani, yakipata mteremko mkali wa nyuzi 45 hivi ili maji yasikae. Lakini kila baada ya miaka michache utayabadilisha, na cheche moja ya jiko inatosha kuyamaliza. Jiko na makuti visiwe paa moja.

Bati ni la kudumu, lenye joto na kelele. Kumbuka geji (namba ya unene wa bati) ndogo ndiyo nene: 28 ni imara kuliko 30. Liinue juu ukutani, acha upenyo wa hewa ya moto kutokea, na ulifunge vizuri, kwa kuwa paa lililo wazi pande tatu linanyanyuliwa na upepo kutoka chini. Nguzo ziingie kwenye mashimo ya zege kabla ya pevingi kulala. Za mbao zisimame juu ya viatu vya chuma (vikalio vya nguzo) vilivyoinuka juu ya sakafu, zisizame ndani ya zege kuoza. Boriti za mikoko uliza zilikotoka; misitu ya mikoko inalindwa kisheria na ukataji wake unataka kibali.

Chaguo la bei nafuu ni mti. Mwembe au mkungu uliopo usiukate ili kupata uwanja ulionyooka. Uachie duara la udongo wazi, angalau sentimita 60 kila upande wa shina, na zaidi kama mizizi iko juu. Na usisakafie uwanja wote. Theluthi moja ikibaki majani au maua, maji yana pa kuzama na nyumba haitapikwa na joto linalorudishwa na zege usiku.

Matunzo

Baada ya miezi mitatu, fagia mchanga mpya kwenye mianya. Magugu yang'oe yakiwa machanga, kabla mizizi haijashika. Mashine ya maji ya kasi usiielekeze kwenye mianya, itatoa mchanga wote kwa dakika kumi. Mabaka meupe ya mwanzo kwenye pevingi mpya hutoka yenyewe kwa mvua na kufagiwa. Usikubali kuuziwa tindikali ya kuyaondoa. Mafuta ya gari yafunike mara moja kwa mchanga mkavu au unga wa mbao, uyaache yanywewe, halafu sugua kwa sabuni. Kabla ya kila masika safisha gata na chujio za mtaro, umwage sahani zilizotuamisha maji chini ya vyungu vya maua, maana hapo ndipo mbu wanapozaliwa. Pevingi iliyotitia ing'oe wiki hiyo hiyo, ongeza moramu, shindilia, irudishe. Ikiwa moja ni kazi ya nusu saa, zikifika arobaini utamwita fundi tena.